Kuba Huanza na Duara: Tuuchore Msikiti Kabla ya Kuujenga

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Masahaba zake.

Katika vijiji vingi vya mkoa wetu wa Morogoro, ujenzi wa msikiti hufuata njia moja. Kikao hukaa, kiwanja hupatikana, mchango hutangazwa baada ya sala ya Ijumaa, kisha fundi huitwa na kuulizwa gharama. Fundi hutazama kiwanja, hupiga hatua zake, akataja kiasi. Kiasi hicho ni cha kukisia, kwa kuwa hapana mchoro alioutazama. Ndiyo sababu msafiri anayepita katika vijiji vyetu huona kuta zilizosimama miaka mingi zikingoja paa, na nguzo zilizotoa nondo juu zikingoja kuba ambayo hakuna aliyejua uzito wake.

Sisi wa kamati ya msikiti hapa Kisaki tunaandika makala haya kwa familia za Kiislamu, na hasa kwa wazazi wenye vijana wanaoshika simu na kompyuta kila siku. Tunataka kueleza jinsi kijana anavyoweza kuchora tao, kuba, mnara na nyota ya pembe nane kwa programu ya kompyuta, na kwa nini jambo hilo ni sehemu ya kulinda amana ya waumini.

Amana kabla ya urembo

Kisaki iko bondeni, upande wa kusini wa milima ya Uluguru. Tunayo stesheni ya reli ya TAZARA, reli iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, lakini vifaa vingi vya ujenzi hutufikia kwa barabara ya kutoka Bigwa kupitia Matombo na Mvuha. Masika yakishika, kila mfuko wa saruji hufika kwa tabu na kwa nauli kubwa. Mchango unaolipia mfuko huo umetoka kwa mkulima aliyeuza ufuta wake, kwa mama anayekaanga maandazi alfajiri, na kwa yatima aliyetoa shilingi mia akitaraji thawabu.

Mali ya namna hiyo haistahili kujaribiwa juu ya ukuta. Tofali likijengwa mahali pasipofaa hubomolewa kwa nyundo, na fedha iliyolinunua hairudi. Mstari uliochorwa mahali pasipofaa ndani ya kompyuta hufutwa kwa kidole kimoja.

Elimu hii si ngeni kwetu

Wapo wanaodhani kwamba kuchora maumbo kwa vipimo ni elimu ya watu wengine iliyotufikia juzi. Historia inasema vinginevyo. Abu al-Wafa al-Buzjani, aliyeishi kati ya mwaka 940 na 998 na kufanya kazi Baghdad, aliandika kitabu cha jometri kwa ajili ya mafundi, akionyesha namna ya kupata maumbo kwa rula na bikari. Jamshid al-Kashi alikamilisha mwaka 1427 kitabu chake Miftah al-Hisab, na ndani yake akaweka mlango wa kupima majengo: matao, kuba na muqarnas, ile mapambo ya vijumba vidogo vinavyoshuka kama sega la asali. Lengo lake lilikuwa kumwezesha mkadiriaji kujua eneo na ujazo wa kazi. Hilo ndilo swali la kamati zetu hadi leo.

Karibu na sisi zaidi, pwani yetu ilijenga kwa matao na kuba kabla ya meli ya Mreno yeyote kufika. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne ya 11, ukapanuliwa sana baadaye kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hadi leo safu za matao yake na kuba zake zinaonekana. Katika kasri la Husuni Kubwa, hapo hapo kisiwani, limo birika la kuogea lenye pande nane. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wameyapima kwa miale ya leza na kuyageuza kuwa maumbo ndani ya kompyuta, kiasi kwamba ufa mmoja wa ukuta unaweza kupimwa na mtu aliye mbali.

Basi kijana wa Kisaki anapochora tao kwa kompyuta anaendeleza kazi ya wazee wake kwa kalamu nyingine.

Matendo manne ya msingi

Programu za kuchora majengo ni nyingi. Tunataja mbili zinazopatikana kwa urahisi. Blender haina malipo kabisa, nayo huwekwa ndani ya kompyuta na kutumika hata pasipo intaneti. SketchUp, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000, ni nyepesi zaidi kwa anayeanza, na ina toleo lisilo na malipo linalofunguliwa kwa njia ya intaneti. Mifano yetu tumeichukua katika SketchUp, ila akili yake ni ile ile mahali pote.

Tendo la kwanza ni kuchora umbo bapa: mstatili, duara, pembenane au kipande cha duara. Mchoraji hubofya mahali pa kuanzia, kisha huandika kipimo kwa tarakimu. Asikisie kwa macho. Akitaka mita nne, aandike mita nne.

Tendo la pili ni kusukuma na kuvuta. Mstatili ukivutwa juu huwa ukuta au chumba. Duara likivutwa juu huwa mcheduara, na hapo shina la mnara limepatikana. Pembenane ikivutwa juu huwa mnara wa pande nane.

Tendo la tatu ni kuzungusha na kunakili. Chora mraba, unakili mahali pake pale pale, kisha uzungushe ule wa pili nyuzi 45 juu ya kitovu kimoja. Mistari ikipishana, nyota ya pembe nane imezaliwa, na katikati yake imebaki pembenane iliyo sawa pande zote. Mapambo mengi ya milango na madirisha ya misikiti duniani yameanzia katika miraba hiyo miwili.

Tendo la nne ni kufuatisha njia. Mchoraji huchora umbo dogo, kisha huliamuru litembee juu ya mstari mwingine. Umbo hilo likitembea juu ya mstari ulionyooka, huacha mwimo au ukingo. Likitembea juu ya duara, huacha kitu cha mviringo. Kuba inapatikana kwa tendo hili.

Tao la mlango na la mihrabu

Tao halihitaji kubahatisha. Tuseme mlango una upana wa sentimita 120, na tunataka tao lipande sentimita 40 juu ya usawa linapoanzia. Nusu ya upana ni 60. Izidishe kwa yenyewe, upate 3,600. Kimo ni 40. Kizidishe kwa chenyewe, upate 1,600. Jumla ni 5,200. Igawanye kwa kimo mara mbili, yaani 80. Jibu ni 65. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara ambalo tao letu ni kipande chake.

Programu hufanya hesabu hiyo yenyewe: unaonyesha ncha mbili za tao, unaandika kimo, na mstari hupinda. Hata hivyo tunawahimiza vijana waijue hesabu, kwa kuwa fundi mwashi hana kompyuta juu ya jukwaa. Yeye hupigilia msumari sentimita 25 chini ya usawa wa tao, katikati ya mlango, hufunga kamba ya sentimita 65, na kuizungusha juu ya ubao ili apate kalibu. Kamba ya fundi na mstari wa kompyuta vikikubaliana, tao litakaa.

Tao lenye ncha, ambalo wengi hulipenda kwa mihrabu, hutokana na vipande viwili vya duara. Kwa upana ule ule wa sentimita 120, weka kitovu cha kwanza mwanzo wa tao upande wa kulia na cha pili upande wa kushoto, kila kimoja kikichora kwa nusu kipenyo ya sentimita 120. Vipande hivyo hukutana juu katikati, kwa kimo cha takriban sentimita 104. Hapana umbo la kubuni hapo. Ni duara mbili zilizopishana.

Kuba inavyopatikana

Tuchukue chumba cha mraba chenye upana wa mita 4. Kuba ni ya mviringo na chumba kina pembe, kwa hiyo wajenzi wa zamani waliweka pembenane katikati ya viwili hivyo. Kila kona ya mraba hukatwa kwa kupima mita 1.17 kutoka pembeni, na katikati ya kila ukuta hubaki upande wa takriban mita 1.66. Pande nane zimepatikana, na duara la kuba hukaa juu yake kwa raha zaidi kuliko juu ya pembe nne.

Kisha fuata hatua hizi. Chora duara la nusu kipenyo ya sentimita 200 likiwa limelala; hilo ndilo njia. Kutoka kitovu chake, simamisha robo ya duara kwa nusu kipenyo ya sentimita 200, na ndani yake robo nyingine ya sentimita 190. Funga nafasi iliyo kati yake chini na juu, upate kipande chembamba kilichopinda chenye unene wa sentimita 10. Chagua lile duara lililolala, chukua kifaa cha kufuatisha njia, kisha bofya kipande kile. Kitazunguka mara moja, na kuba itasimama mbele ya macho yako, ikiwa na uwazi ndani.

Jambo moja wanaoanza wanapaswa kulijua: duara la kompyuta si duara kamili. SketchUp, usipoiamuru vingine, huchora duara kwa mistari 24 iliyonyooka. Kwa duara letu la mita 4, katikati ya kila mstari huingia ndani ya duara la kweli kwa takriban sentimita 1.7. Ukiongeza idadi ya mistari kuba hulainika, lakini kompyuta hulemewa: ukizidisha mara mbili mistari ya duara na ya tao pia, idadi ya nyuso za kuba huwa mara nne.

Upungufu huo una faida yake. Fundi wa bati naye hapindi bati kila upande. Huunganisha vipande vyembamba vinavyokutana kileleni. Kuba yetu ikigawanywa vipande 24, kila kimoja kina upana wa takriban sentimita 52 chini, na urefu wa sentimita 314 kwa kufuata mkunjo hadi juu, ambako upana huisha. Mchoro umempa fundi kipimo cha kukatia.

Kikao na uzito wa kuba

Hapa ndipo mchoro ulipotusaidia zaidi. Katika kikao chetu vijana walitaka kuba ya zege, kwa kuwa ndiyo inayodumu na kupendeza. Akina mama walikuwa na ombi la siku nyingi: sehemu yao ya kusalia iliyo na mlango wake na mahali pao pa kutawadhia. Wazee walitaka paa lisilovuja. Kila upande ulikuwa na haki katika hoja yake, na maneno yalikuwa yameanza kuwa makali.

Programu ikiwa na umbo lililofungwa pande zote husema ujazo wake. Kuba ile ya unene wa sentimita 10 ina ujazo wa karibu mita za ujazo 2.39. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban kilo 2,400. Kwa hiyo kuba hiyo, kabla ya pambo lolote, ni zaidi ya kilo 5,700, yaani karibu tani sita zinazopaswa kubebwa na nguzo, mihimili na msingi vilivyopimwa kwa kazi hiyo. Tena mzigo wa kuba haushuki chini tu. Sehemu yake ya chini husukuma nje, kama miguu ya mtu anayeteleza, na ndiyo maana hufungwa kwa mkanda wa nondo.

Tarakimu hiyo ilituliza kikao kuliko hotuba. Hapakuwa na aliyeshindwa na mwenzake. Wote walitazama kioo cha kompyuta, wakaona nguzo ambazo mchango wetu ungelazimika kulipia kabla ya kuba yenyewe. Tukakubaliana kuhusu utaratibu: kwanza sehemu ya akina mama na mahali pa udhu, pili paa la bati la kawaida lenye mifereji ya kuvuna mvua, na mwisho kuba ndogo nyepesi ya bati juu ya fremu ya chuma, Mwenyezi Mungu akijaalia. Paa lenye eneo la mita za mraba 120, likinyeshewa mvua ya milimita 10, hupokea lita 1,200 kabla ya upotevu. Hayo ni maji ya udhu wa watu wengi.

Tukumbuke pia kwamba msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo zake zikiwa magogo ya mitende na paa lake makuti. Mihrabu iliyochimbwa ndani ya ukuta iliingia katika msikiti huo baadaye, wakati Umar bin Abdul-Aziz alipokuwa gavana wa Madina mwanzoni mwa karne ya nane Miladia. Kuba ni pambo jema na alama inayotambulisha. Sala haiingojei.

Kibla na safu

Mstari wa kwanza wa mchoro wa msikiti uwe wa kibla. Kutoka Kisaki, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, ikiegemea mashariki kwa takriban nyuzi nne. Kiwanja kikiwa kimekaa upande mwingine, ni afadhali ukuta ufuate kibla kuliko safu kukaa mshazari ndani ya ukumbi milele.

Baada ya hapo, chora nafasi ya mtu mmoja, upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 120, kisha inakili. Ukumbi wenye upana wa mita 12 na kina cha mita 10 huchukua safu nane za watu 20, yaani watu 160. Nguzo ikisimama katikati ya safu utaiona papo hapo, na utaweza kuisogeza kabla haijamwagwa.

Mipaka ya mchoro huu

Tunasisitiza jambo hili ili asije mtu akadhurika kwa kutusoma vibaya. Mchoro wa kijana huonyesha umbo, vipimo na ujazo. Hauonyeshi kama udongo wa kiwanja utabeba msingi, wala nondo ngapi ziwekwe katika mhimili. Kazi hiyo ni ya wataalamu: mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, pamoja na mhandisi. Kibali cha ujenzi nacho hutolewa na halmashauri. Nyumba ya ibada hukusanya mamia chini ya paa moja, na roho zao ni amana kubwa kuliko fedha zao.

Faida ya mchoro wetu ni kwamba tunakwenda kwa mtaalamu tukijua tunachotaka. Anayekwenda na maneno matupu huletewa matakwa ya mwingine.

Wajibu wa wazazi na madrasa

Ndugu wazazi, kompyuta mpakato moja iliyotumika, ikikaa madrasa chini ya usimamizi wa mwalimu, yatosha kuanzia. Vijana wapewe zamu, wa kiume kwa wakati wao na wa kike kwa wakati wao, na binti asiachwe nyuma kwa kudhaniwa kuwa ujenzi haumhusu. Mwanamke ndiye anayejua upana wa mlango anaopita na mtoto mgongoni na ndoo mkononi.

Mazoezi yaende kwa daraja. Wiki ya kwanza, mstatili na kuta. Wiki ya pili, duara na mnara. Wiki ya tatu, tao la mlango, kwa kompyuta na kwa kamba na msumari juu ya ubao. Wiki ya nne, miraba miwili na nyota ya pembe nane. Kuba ije mwisho. Kila umbo lipimwe kwa hesabu ya kalamu kabla ya kuaminiwa katika kioo, ili mashine iwe msaidizi na akili ibaki kwa mwenyewe. Na zoezi la kwanza kubwa liwe msikiti wa kijijini kwao: vijana watoke na futi, wapime kuta zilizopo, waandike, kisha wauchore kama ulivyo. Kamati nyingi hazina mchoro wa jengo lao wenyewe, na siku paa litakapohitaji kubadilishwa karatasi hiyo itaokoa mengi.

Simu na kompyuta zimo tayari majumbani mwetu, na muda wa vijana unapita ndani yake tupende tusipende. Tuwape kazi yenye manufaa, ili macho yanayotazama kioo usiku yawe yanatazama mlango ambao wazee wao watauingilia kwa sala ya Alfajiri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie misikiti iliyojengwa juu ya uchaji na hesabu sahihi, awalipe kheri wote wanaochangia kwa siri na kwa dhahiri, na awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.